Kijiko Kikavu

2 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Pokea shikamoo ya haraka, maana nimempa Chiriku sufuria na mwiko agonge sakafuni, na kelele zikikoma nitajua kuna kitu kimevunjika. Ana miaka miwili na nusu sasa, na anaongea tangu anapofumbua jicho hadi usingizi unapomkata kauli. Jana kamwambia baba yake, "Unanuka." Hakukosea. Baba yake alikuwa katoka kuzibua mabomba ya jengo zima, na hata sabuni ilikuwa inamwangalia kwa mbali.

Ningekupigia simu ya jirani, lakini najua utasema sikio halisikii na simu inatafuna maneno. Basi tuendelee na karatasi, siku tisa kwenda na siku tisa kurudi.

Mimi bado niko palepale duka la nafaka. Nachota, napima, nafunga, naandika jina la nafaka juu ya mfuko. Jioni nikifika nyumbani nakaa kitandani na viatu vyangu miguuni nikijiuliza nani atanivua. Ni uchovu tu, usianze.

Sasa lile la tumbo. Uliniandikia linakufunga siku nne, siku tano, na kwamba unaona haya kumwambia mtu mwingine. Kwenye kifurushi hiki kuna nusu kilo ya mbegu za chia. Ni ndogo kama vichwa vya pini, nyeusi na kijivu, usije ukadhani nimekufagilia takataka za dukani. Mimi nazila kila siku. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Usidharau udogo wake, Shangazi. Ni dawa, dawa kabisa.

Nilitaka kukueleza zaidi, lakini kelele zimekoma.

Mwanao,
Kibiriti


20 Machi

Kibiriti,

Marahaba. Nyingine mpe Chiriku, ingawa hajaniamkia.

Kifurushi kimefika. Fundi Viatu, jirani yangu wa kibarazani, kachungulia akauliza kama ni baruti. Nikamwambia ni chakula cha ndege, na kwa kuwa nimebaki mifupa na sauti, kitanifaa. Kazi ipo. Nina sketi arobaini za sare za shule, zote za marinda, na mwalimu anazitaka kabla ya kufungua. Cherehani bado inasema kweli, ni miguu yangu iliyoanza kunidanganya.

Dawa yako naitumia kama ulivyoagiza, sipitishi siku. Unajua mimi na ile dawa ya unga ya kichwa tulivyozoeana miaka yote: nafungua mdomo, namimina ulimini, nasukuma na funda la chai, imekwisha. Hii nayo ni hivyohivyo, kijiko asubuhi, kijiko jioni. Ladha haina, lakini dawa yenye ladha ni ya watoto. Jumanne ilinikwama kidogo hapa kifuani. Nikasimama, nikajipiga mgongo kwenye mlango hadi Fundi Viatu akadhani nabisha hodi kwangu mwenyewe. Ikapita.

Nina imani nayo. Ikifungua chini, huenda itafungua na juu.

Na wewe je? Tangu lini unakula mbegu kila siku? Wewe uliyekuwa unatoa maharage kwenye sahani moja moja kama unayatafutia makosa, hadi unabaki na mchuzi mtupu? Nimekulea, nakujua. Mtu haanzi dawa bila ugonjwa. Nani kakuagiza?

Nijibu hilo kwanza.

Shangazi yako


31 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Sote wazima. Nisamehe, leo sina salamu ndefu.

USIMEZE MBEGU ZIKIWA KAVU. Hata kijiko kimoja. Hata nusu.

Barua yako imenikuta dukani asubuhi. Nimeisoma huku nampimia mteja choroko, nikazimwaga zote kwenye sakafu. Mama mwenye duka akauliza, "Kuna msiba?" Nikamjibu, "Bado." Sijui kwa nini nilisema bado.

Nikachukua glasi, nikatia kijiko cha chia, nikamiminia maji kiasi cha funda moja la chai. Nikakaa naitazama. Baada ya robo saa maji hayapo. Zimevimba, zimeshikana, zimekuwa kitu kimoja. Nikaipindua glasi juu chini, hakikudondoka kitu. Kimeng'ang'ania kwenye glasi, Shangazi, na glasi inateleza kuliko koo la mtu.

Nimempigia Fundi Viatu mara tano hadi akapokea. Nilimsikia anakuambia, nikakusikia unajibu, "Mwambie nimesikia, sijafa." Kisha ukakataa kushika simu.

Kosa ni langu. Hapa dukani kila mtu anajua zinalowekwa kwanza, kwa hiyo sikuona haja ya kulisema. Halafu nikaandika neno dawa kama tunavyolisema sote, tukisifu supu, tukisifu usingizi, tukisifu kivuli. Nikasahau kwamba namwandikia mtu anayemeza dawa kwa utii.

Zinaliwa hivi. Kijiko kimoja, glasi nzima ya maji. Unakoroga, unasubiri kidogo, unakoroga tena zisigandane, unaziacha nusu saa mpaka ziwe kama uteute. Ndipo unazitia kwenye uji ukishaupua, au kwenye mtindi, au kwenye maharage yaliyoiva, yanakuwa mazito bila kuongeza mafuta. Mimi huzitia pia kwenye ndizi mbivu ya kuponda, Chiriku anakula akidhani ni ndizi yenye mchanga. Na maji unywe mchana kutwa, maana mbegu hizi bila maji zinafunga tumbo zaidi ya mwanzo.

Lakini usizile kabisa mpaka unijibu. Siku ile ilikwama wapi hasa? Vitu vilikuwa vinakwama hata kabla ya mbegu? Na kusema "itafungua na juu" maana yake nini?

Kuhusu nani kaniagiza, hakuna. Ni kazi ya dukani tu, ninachouza nakionja.

Mwanao


19 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Umemtisha Fundi Viatu mpaka kagongomea soli ya kulia kwenye kiatu cha kushoto, na mwenye kiatu ni mtu wa kupiga kelele. Tumekula burudani asubuhi nzima.

Ulisema nisile mpaka nikujibu. Sikutii, umri wangu umenipa ruhusa. Nimeziloweka, nimezikodolea macho zikivimba. Mayai ya chura, mwanangu! Nikazitia kwenye supu ya maboga, zikapita bila neno. Jumatatu nikazitia kwenye uji, Jumanne kwenye mtindi, Jumatano kwenye viazi vya kuponda na maziwa. Nimekuwa mpishi uzeeni. Tumbo limefunguka hadi natamani lifunge kidogo nimalize sketi za watu.

Yale maswali yako mengine sikuyasoma vizuri. Mwandiko ulikuwa unakimbia.

Nimepata kitambaa laini cha maua madogo, nataka nikushonee gauni. Vipimo vyako nilivyo navyo ni vya harusi. Nitumie vipya: bega, kifua, kiuno, nyonga, urefu. Usikadirie kwa jicho, pima kwa utepe.

Shangazi yako


30 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Chiriku kaniambia nikuandikie kwamba ana kidonda gotini na kwamba ni kikubwa. Hakionekani, lakini nimekuandikia. Baba yake anakusalimu.

Vipimo: bega kumi na tano na nusu, kifua arobaini na moja, nyonga arobaini na tano, urefu hamsini. Asante kwa gauni.

Jumapili nilizitandaza barua zako zote mezani, za tangu mwaka jana, nikazisoma kama ninavyokagua dengu, kidole juu ya kila punje. Mwezi wa tisa ulikula ganda la mkate likakuchoma ufizi. Mwezi wa kumi na moja mkate ulikuwa wa kuchovya. Mwezi wa kwanza ulikuwa wali uliochemshwa mpaka ukavurugika, ukasema uliisahau sufuria jikoni. Kuanzia mwezi wa pili ni supu, uji, mtindi, viazi vya kuponda. Wewe! Wewe uliyekuwa unagombania ganda la mkate na baba mpaka mnavutana mezani kama watoto.

Tangu lini hutafuni?

Nimemuuliza muuguzi mmoja ninayemfahamu. Nilidhani atacheka, hakucheka. Amesema chakula kikianza kukwama, kwanza kigumu halafu na laini, mtu haongezewi supu, anapelekwa hospitali kooni kuangaliwe kwa ndani. Na chia aziache kabisa, kavu au zilizolowekwa, mpaka daktari aseme.

Shangazi, nenda hospitali. Si ombi, nakuambia. Unanijua nikisema hivyo. Naogopa, na usinijibu kwamba nisiogope.

Mwanao


14 Mei

Kibiriti,

Umeruka kiuno.

Miaka thelathini na minane nazungusha utepe kwenye viuno vya watu. Mwanamke akinipa vipimo vyote akaruka kiuno, ana sababu moja. Kifua chako cha harusi kilikuwa thelathini na sita. Na huyo "muuguzi mmoja ninayemfahamu" mmefahamiana wapi, sokoni? Kitambaa ninacho kweli, lakini gauni lilikuwa mtego, na umeingia wima.

Miezi mingapi? Na kwa nini unanificha? Furaha haifichwi hivi. Kwa hiyo unachoficha si mimba, ni kitu kilichokuja pamoja nayo. Mama yako alifanya hivyohivyo. Wifi yangu yule alinifungulia mlango akitabasamu, sukari imempanda hadi machoni, na hakusema mpaka siku niliyoitwa. Nilifika nikakukuta wewe umekaa ngazini na kiatu kimoja.

Basi kwa kuwa umenikasirisha, nitasema na langu. Ni tangu mwezi wa tisa. Mkate ndio ulianza. Unashuka hadi hapa katikati, unasimama, unafikiri, halafu ama unapita ama unarudi. Siku hizi na wali ni hivyo. Sketi zangu mwenyewe nimezipunguza mara mbili. Ulipoandika ni dawa, nilifurahi kiasi ambacho huwezi kujua. Nikasema basi, sina haja ya kwenda popote, dawa imenifuata nyumbani. Ndiyo maana sikukosa hata siku, hata ilipokuwa inauma.

Hospitali siendi. Kaka yangu, baba yako, alikwenda kwa miguu yake mwenyewe. Wakamtajia jina la ugonjwa. Wiki tatu, tukazika. Kabla ya lile jina alikuwa anakohoa tu. Mimi kwa sasa nina koo linalokwama. Wakinitajia jina, nitakuwa nalo ndani ya nyumba, nitalala nalo, nitaamka nalo, litanila kuliko ugonjwa wenyewe.

Usimpigie tena Fundi Viatu. Na unijibu la tumbo lako.

Shangazi yako


25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nimelia, nimenawa, Chiriku ameniletea kitambaa cha kufutia vyombo nijifute. Sasa naandika.

Ni miezi sita. Sukari iko juu tangu mwezi wa pili. Walinipima mapema kwa sababu muuguzi aliniuliza mama yangu alikufa na nini, nikamwambia. Toka siku hiyo naogopa. Naogopa nikiwa nimesimama kwenye mizani, naogopa nikimwogesha Chiriku. Nilikuwa na umri mdogo kama wake mama alipoondoka, na uso wake siukumbuki. Nakumbuka mkono tu, unanifunga kifungo. Namfunga Chiriku vifungo vyake nikiwaza, ni hiki tu atakachobaki nacho?

Umeuliza nani kaniagiza mbegu. Muuguzi hakuzitaja. Alisema nipunguze wali mweupe na mkate mweupe, niache soda, niache sukari kwenye chai. Niongeze maharage, dengu, mboga za majani, vitu vinavyoshibisha polepole. Uji bila sukari ulinishinda, nikautia chia na mdalasini, nikaweza. Basi, hiyo ndiyo habari yake yote. Najichoma kidole mara nne kwa siku na kuandika namba kwenye daftari. Namba zikikataa kushuka, naanzishiwa sindano. Hizo ndizo dawa.

Nilikuandikia ni dawa kwa sababu nilitaka iwe hivyo. Nilikuwa najiambia mwenyewe, ila nikaipeleka karatasi kwako.

Nalirudisha lile neno, Shangazi. Chukua mkasi wako, likate kwenye barua yangu ya kwanza. Chia ni chakula, kama dengu, kama mchicha. Zinamsaidia mwenye koo zima, zinamkaba mwenye koo linalobana. Hazijafungua la kwako na hazitafungua. Miezi mitatu umekaa nyumbani ukisubiri neno langu likuponye. Hilo nitatembea nalo.

Na kuhusu baba. Nilikuwa na miaka kumi na sita, mimi ndiye niliyekuwa nafua mashuka. Alikohoa damu mwaka mzima kabla hajatajiwa jina lolote. Alinikataza kukuambia, nami nikamtii kama mtoto mwema. Si jina lililomuua, Shangazi. Ni ule mwaka.

Kwa hiyo sikia. Sikufichi kitu tena. Kila barua nitakuandikia namba zangu, nzuri na mbaya. Wewe nenda hospitali. Usipokwenda, napanda basi na tumbo langu hili nakuja kukukokota, na muuguzi amenikataza safari ndefu. Ndiyo, ni vitisho. Chagua.

Mwanao


22 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Wiki nne sasa na hakuna barua.

Nimempigia Fundi Viatu ingawa ulinikataza. Amesema, "Kanikataza nisikuambie." Nikamuuliza asiniambie nini. Akasema, "Hicho hicho alichonikataza." Nikamuuliza kama cherehani inasikika. Nikasikia nyundo ya mtu mwingine nyuma yake. Kisha akasema imefunikwa.

Imefunikwa kwa nini? Hata siku ya mazishi ya baba hukuifunika.

Namba zangu: wiki hii kumi zilikuwa nzuri, kumi na nane mbaya. Nimeanza sindano. Niliahidi, nimekuandikia. Mtoto wa tumboni anacheza sana asubuhi, na akitulia naacha kila kitu nasubiri acheze tena. Juzi nilimsimamisha mteja na mfuko wake wa kunde mkononi, akadhani nimemsahau.

Jibu hata mstari mmoja. Usipokuwa na la kusema, chora mstari wenyewe.

Mwanao


28 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Hii naiandika kabla sijapata nyingine kutoka kwako, kama ipo njiani.

Barua yako ya mwezi wa tano nilikaa nayo siku sita. La damu sikulijua. Alikuwa anafua leso zake mwenyewe, nikidhani ni utanashati. Nilimcheka, mwanangu. Nilimwambia umekuwa bibi harusi.

Nimekwenda. Mara mbili. Ya kwanza nilifika getini nikarudi. Ya pili Fundi Viatu alifunga kibanda chake akanisindikiza, tukakaa kwenye benchi, yeye akitazama viatu vya kila anayepita na kuvitolea hukumu. "Yule kisigino kinamla. Huyu kaazima." Ndivyo alivyonizuia nisikimbie tena. Wakaniita, wakanipulizia dawa ya ganzi kooni, wakaniingiza mpira wenye taa mpaka ndani. Daktari mwenyewe ni binti, ningeweza kuwa nimemshonea sare. Akasema njia imebana, kuna mahali pana uvimbe. Akachukua kipande kidogo, kama kile ninachokata kwenye kitambaa kwenda kutafutia uzi wa rangi yake, wakakipeleka kupimwa.

Akaniuliza nimekuwa nikila nini, nikamweleza. Aliposikia kijiko kikavu aliweka kalamu chini. Akasema, "Bibi, ungekabwa ukiwa peke yako nyumbani." Nikamwambia nilikuwa peke yangu, ni mlango ulionipiga mgongo. Hakucheka. Siku hizi madaktari na wauguzi hawacheki.

Majibu ni tarehe 10 Julai, saa tatu asubuhi. Amesema nije na ndugu. Nimeishi miaka mingi kiasi cha kutosha kujua kwamba hawakuambii hivyo kwa habari njema. Nilimkataza Fundi Viatu kukuambia kwa sababu nilitaka uipate kwa mkono wangu. Mkono ndio uliochelewa. Cherehani nimeifunika maana nilishona mkono wa shati kwenye kola.

Naogopa, mwanangu. Sijawahi kuliandika neno hili, tazama lilivyokaa vibaya kwenye mstari.

Usije. Ukija na hilo tumbo nitakufungia mlango, nawe unanijua nikisema. Lakini siku hiyo saa tatu shika simu. Nami nitaishika, sikio lisikie lisisikie.

Shangazi yako


13 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Tumeongea, lakini naandika, kwa sababu kwenye simu nililia nikasahau nusu ya mambo.

Kwanza, nilisikia. Daktari alipoanza nilikusikia unamkatiza: "Ngoja, sema kwa sauti, mwanangu yupo hapa." Akasema. Nawe ukalirudia jina lote, saratani ya koo la chakula, polepole, kama unavyorudia kipimo cha mteja usije ukakikosea. Mimi nilikuwa stoo, nimekaa juu ya gunia la dengu, na mama mwenye duka amesimama mlangoni anazuia watu wasiingie. Siku tatu zimepita. Jana umezungumza na mimi tena kwa simu, umelitaja mwenyewe mara mbili, na katikati ukamgombeza mtu kuhusu zipu. Nimelihesabu hilo.

Pili, alichosema na ambacho hakusema. Alisema haijaenda mbali, na kwamba hospitali kubwa ya huku ndiyo yenye mashine na wapasuaji. Alisema tunaanza mapema kuliko wengi wanaofika kwake. Hakusema utapona. Nilimsikiliza kwa makini nikingoja aseme. Nimeishika ile ya mapema, ndiyo niliyo nayo.

Kwa hiyo unakuja. Nimeshapanga na Fundi Viatu, atakuleta, Ijumaa tarehe 25, barua hii ikishafika. Usibebe vyombo, usibebe mablanketi. Beba karatasi ya rufaa, picha zote walizokupiga, na nguo za kufungua mbele. Njiani usitafune chochote, hata ukitamani. Supu iliyochujwa kwenye chupa, funda moja moja, umekaa wima. Huku nitakupikia mimi, na nitachuja kila kitu mara mbili, na hakuna mbegu ya aina yoyote itakayokaribia bakuli lako. Utanuna. Nuna.

Namba zangu wiki hii zote ziko chini isipokuwa ya Alhamisi. Ile Alhamisi, baada ya simu, nilikula embe zima nimesimama, nikijua ninachofanya. Kesho yake nikarudi kwenye maharage yangu. Miezi saba na nusu sasa. Wamesema nitaingia wodini kabla ya siku zangu, hakuna kusubiri uchungu nyumbani. Huenda tukalazwa jengo moja, mimi chini wewe juu, na baba Chiriku akipanda na kushuka ngazi na vyakula viwili. Amesema hana wasiwasi, amezoea mabomba yaliyoziba. Nilimchapa na taulo. Tukacheka, halafu tukaacha kucheka kwa wakati mmoja.

Sikwambii usiogope. Mimi naogopa nikipika, naogopa nikipanga foleni, naogopa simu ikilia. Ila nikiogopa huku najua ulipo na una nini, naweza kufanya kazi. Ule mwezi wa kimya sikuweza.

Kitanda cha Chiriku tumekihamishia chumbani kwetu. Cha kwako kiko karibu na dirisha, upande wa kichwa nimeuinua kwa matofali mawili kama alivyoagiza daktari. Leo mchana nilikuwa naweka shuka na Chiriku ananisaidia kwa kulala juu yake. Akauliza, "Bibi anakuja?" Nikamwambia anakuja.

"Atalala siku ngapi?"

Mimi ni mama, Shangazi, huwa nina jibu la kila kitu. Mwezi unakwenda wapi, kuku ana meno, nina jibu. Nikafungua mdomo nimwambie nyingi, nyingi sana. Akawa ananitazama na vidole vyake vimeinuliwa, tayari kuhesabu.

Nikamwambia, "Sijui, mwanangu. Njoo ushike pembe hii."

Akashusha vidole, akaja akashika.

Mwanao